Chanjo ya rizobia kwa miche ya lusina: uzoefu wangu kwenye udongo wa chumvi

Nimetumia unga huu wa rizobia, yaani bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi ya mikunde na kuipatia naitrojeni ya hewa, kwa misimu miwili nikipanda lusina, mti wa jamii ya mikunde, kwenye kipande cha shamba ambacho kila kiangazi hufanya ukoko mweupe wa chumvi. Kipimo cha udongo kilionyesha desisimensi 6 kwa mita (ni kipimo cha jinsi umeme unavyopita, na chumvi ikizidi nacho hupanda), na udongo huhesabiwa kuwa wa chumvi kuanzia 4. Unga wenyewe naupa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya maelezo ya pakiti.

Msimu wa kwanza niliyafuata maelezo hayo neno kwa neno. Nilipaka mbegu, nikazipanda moja kwa moja shambani. Miche iliota, ikadumaa, ikawa njano. Niliumia sana. Nilipong'oa michache nikakuta mizizi mitupu, hakuna kinundu hata kimoja, nikasema basi, chumvi imewaua bakteria.

Kumbe nilikuwa nawasingizia. Rizobia wengi huivumilia chumvi kuliko mti wenyewe, kwa kuwa hujiwekea ndani ya seli vitu kama prolini na trehalosi vinavyozuia maji yao yasivutwe nje. Kinachoharibika mapema ni ile hatua ya kukutana: unywele wa mzizi hujikunja ukamzingira bakteria, kisha yeye hupenya ndani kupitia uzi mwembamba. Chumvi ikiuvuruga unywele huo, bakteria wapo na mzizi upo, lakini kinundu hakifanyiki.

Kwa hiyo msimu wa pili nilitaka wakutane kabla hawajaijua chumvi. Nilianza kitaluni, kwenye viriba vya mchanga na mboji, nikimwagilia maji yasiyo na chumvi. Mbegu za lusina zina ganda gumu, nazo nilizimwagia maji ya moto, nikangoja zipoe kabisa ndipo nikazipaka unga kwa maji ya sukari, kivulini, maana joto na jua huwaua bakteria hawa upesi. Fosfeti niliweka kidogo. Urea sikuigusa: mche ukipewa naitrojeni tayari, hauhangaiki kutengeneza vinundu.

Wiki ya nane nilipasua kinundu kwa ukucha, nikakuta ndani ni chekundu. Nilifurahi kupita kiasi. Wekundu ule ni leghemoglobini, protini inayoishika oksijeni isije ikaharibu kimeng'enya kinachobadili naitrojeni ya hewa. Ukikuta cheupe au kijani, hakifanyi kazi.

Nilihamishia miche shambani baada ya mvua za mwanzo kuisukuma chumvi chini. Mstari wenye chanjo umekolea kijani. Ule niliouacha bila chanjo ni njano hadi leo. Pale bondeni maji yanapotuama, yote ilikufa, yenye chanjo na isiyo nayo. Unga hauondoi chumvi, pale panahitaji mfereji.

Sasa pakiti. Imeandikwa "kwa mikunde yote", na hilo silikubali. Soya hushirikiana hasa na Bradyrhizobium, lusina ina wake. Muulize muuzaji bakteria waliomo ni wa mmea gani, na kama wamewahi kujaribiwa kwenye chumvi. Wangu alinijibu swali la kwanza tu. Angalia pia tarehe ya mwisho, na pakiti ilikaa wapi kabla haijakufikia.

Nimeagiza nyingine, safari hii ya migunga. Itaanzia kitaluni vilevile.