Kisanduku cha Rangi za Maji cha Mfukoni kwa Mchoraji Mwenye Shughuli Nyingi

Mtu mwenye kazi na familia anayependa kuchora aghalabu hupoteza muda mwingi zaidi katika maandalizi kuliko katika uchoraji wenyewe: atandike meza, ateke maji, akamue rangi, kisha aoshe brashi na kufuta matone. Kisanduku cha rangi za maji cha mfukoni, ambacho mara nyingi huuzwa na vidonge 12 vya rangi pamoja na brashi inayobeba maji ndani ya mpini wake, kimeundwa ili kupunguza kazi hizo, nami nakitathmini kwa kipimo hicho.

Katika hilo kinafaulu vizuri sana. Chembe za rangi ndani ya vidonge hushikwa na gundi ya mgunga, ambayo huyeyuka tena kila inapoguswa na maji, kwa hiyo mchanganyiko uliokaukia kwenye kifuniko asubuhi bado unafaa jioni. Rangi za akriliki hazitoi nafasi hiyo, kwa kuwa zikishakauka hazirudi kuwa majimaji, na rangi za mafuta huweza kuchukua siku kadhaa kabla ya kukauka. Mchoraji anayeitwa ghafla katikati ya kazi hufunga kisanduku na kuondoka bila hasara, ingawa anapaswa kukifungua baadaye kipate hewa, kwani vidonge vilivyofungiwa na unyevu huota ukungu.

Brashi ndiyo sehemu dhaifu. Nywele zake za nailoni hazishiki rangi nyingi, na maji huendelea kushuka kutoka kwenye mpini hata pale mchoraji anapotaka rangi nzito, hivyo anga huiva vizuri lakini vivuli hupauka. Naikubali kwa dakika chache za mapumziko ya mchana. Nyumbani, brashi ya kawaida ya duara na kikombe cha maji ni bora zaidi.

Vidonge 12 vinatosha, pengine hata vinazidi. Cheupe, kwa mfano, hakina kazi kubwa, kwa sababu weupe wa rangi za maji ni karatasi yenyewe iliyoachwa wazi, na cheusi kinaweza kuachwa pia, maana bluu ya ultramarini ikichanganywa na kahawia nyekundu hutoa kijivu kizito chenye uhai zaidi. La kuangaliwa kabla ya kununua ni alama ya chembe za rangi kwenye lebo, kama vile PB29 kwa ultramarini. Seti isiyotaja alama yoyote haimpi mnunuzi njia ya kujua kama rangi zake zitastahimili mwanga.

Daftari linaloambatana na baadhi ya seti ningelitumia kwa penseli tu, kwani karatasi nyembamba hujikunja mara inapolowa. Afadhali kununua kando daftari la A6, yaani milimita 105 kwa 148, lenye karatasi ya gramu 300 kwa mita ya mraba. Ukurasa wake unajaa katika muda mfupi, na hiyo ni faida kwa mwenye haraka, japokuwa anayejiandaa kwa picha kubwa atauzoesha mkono wake miondoko midogo mno.

Kati ya kisanduku cha bati na cha plastiki chenye vidonge vilivyogandishwa, ningechagua cha bati, kwa kuwa kidonge kikiisha hung'olewa na kingine kununuliwa peke yake.