Kwa Mama, Kigamboni: steshenari inayosoma kazi yako kabla ya mhadhiri

Steshenari hii haina bango. Ukishuka kwenye kivuko upande wa Kigamboni, uliza "kwa Mama wa madesa", yaani zile nakala za kusomea chuoni, dereva bodaboda atakuelekeza, japo kwa miguu pia si mbali. Ni chumba kimoja chenye mashine ya fotokopi, printa moja, kompyuta mbili, benchi la kungojea na rafu ya mafaili.

Rafu hiyo ndiyo inayonipeleka. Chuo chetu ni kidogo, na sisi wa historia hatujazi hata viti vya mbele. Raha yake mhadhiri anakujua kwa jina; karaha yake, akiuliza nani kasoma, huna pa kujificha. Maktaba ina nakala moja ya kitabu kinachotakiwa, na hiyo haitoki nje. Kwa hiyo wahadhiri huacha sura za kusoma kwa Mama, kila kozi na faili lake, CR, yaani kiongozi wa darasa, anaandika juu ni za semina ya wiki gani. Kopi ni shilingi 100 ukurasa. Ukimpelekea kitabu kizima anakataa na kukutajia Sheria ya Hakimiliki ya 1999 utadhani aliitunga yeye. Wenzangu wanasema anaringa. Mimi namwelewa.

Zamani alikuwa taipisti ofisini, enzi za taipureta. Anachapa macho yakiwa kwako, wala si kwenye kibodi, huku anakuuliza kama umekula. Kuchapiwa ni 1,000 ukurasa, kuprinti 200, baindi ya spairo 2,000. Kariakoo utapata chini ya hapo. Ila Kariakoo hakuna atakayekwambia kama alivyoambiwa mwenzangu mmoja, foleni nzima ikisikia: "Mwanangu, ukurasa wa pili Majimaji imeisha 1907, ukurasa wa tano imeisha 1917. Chagua." Kwenye semina yetu kosa kama lile lingemgeukia jina la utani mpaka siku ya mahafali. Anakagua pia namba za kurasa, pambizo na tanbihi, na anajua mhadhiri yupi hataki kazi isiyo na ukurasa wa yaliyomo. Wanaotafuta wa kuwaandikia ripoti ya fildi wasijisumbue kwenda. Hilo halifanyi, na maneno yake ni makali.

Sasa kasoro. Printa moja, wiki ya kukusanya ripoti, ni mateso. Jenereta hana, umeme ukikatika mnakaa kwenye benchi mnatazamana. Ramani ya rangi usimpe kabisa: nilimpa ya maeneo ya vita hiyohiyo ya Majimaji, Umatumbi na Ungoni vikatoka kijani kimoja, ikabidi nivitenganishe kwa kalamu. Jalada gumu hafanyi. Kwa hilo utavuka kwenda Posta, shilingi 200 za kivuko na foleni yake juu.

Halafu kuna daftari la madeni. Bumu, ile pesa ya mkopo wa wanafunzi, likichelewa anakopesha bila maneno mengi, Mungu ambariki, lakini daftari linakaa wazi kaunta na kila anayesubiri chenji anasoma nani anadaiwa ngapi. Chuoni kwetu habari hiyo inafika darasani kabla yako. Nimemwambia alifunike, akacheka, akasema ndiyo dawa ya wadaiwa. Hapo sikubaliani naye.

Kazi itume kwa WhatsApp ikiwa PDF. Faili la Word lililoandikwa kwenye simu likifika kwake mistari inahama, majedwali yanavunjika, na kulipanga upya utalipia. Flashi anazipokea, ila lazima azisafishe virusi kwanza, na hapo unangoja.

Anafungua saa mbili asubuhi, Jumapili akishatoka kanisani. Jumamosi kabla ya saa nne hakuna foleni. Nenda na chenji yako.