Gramu 211: RockShox SID SL au SID ya milimita 35?

Anayetafuta foki (uma wa mbele unaoshika gurudumu) nyepesi yenye shokapu kwa ajili ya mbio za nyika za baiskeli hukutana kwanza na takwimu ya uzito, na aghalabu huishia hapo hapo. Ninaandika tathmini hii kwa kuwa naamini takwimu hiyo, ikisomwa peke yake, inawaelekeza waendeshaji wengi wa nyanda za juu za Kenya na Tanzania kwenye kifaa kisichowafaa. Foki ninazozilinganisha ni mbili za ukoo mmoja, zote za toleo lililoingia sokoni mwaka 2020: RockShox SID SL, yenye mirija ya juu ya kipenyo cha milimita 32 na mwendo (urefu ambao foki inaweza kuzama) wa milimita 100, na RockShox SID, yenye mirija ya milimita 35 na mwendo wa milimita 120. Kwa daraja la juu kabisa, lile la Ultimate, kampuni ilitangaza gramu 1,326 kwa ile ya kwanza na gramu 1,537 kwa ya pili. Nimeziendesha zote mbili, na hukumu yangu naitoa mapema: kwa njia zetu, ya milimita 35 ndiyo ya kununua.

Tuzipime kwanza hizo gramu 211 zinazozitenganisha. Mwendeshaji ambaye yeye, baiskeli na maji yake kwa pamoja wana kilo 80, akipanda mwinuko wa mita 300 kwa nguvu ya wati 250, atatumia takriban dakika 16 ukihesabu kazi ya kuinua uzito huo tu. Ukimwongezea gramu 211, muda wake unaongezeka kwa sekunde mbili na nusu hivi. Katika mashindano ya dunia sekunde mbili na nusu ni kitu, wala sizidharau. Hata hivyo, mtu huyo huyo akifika kileleni na kuanza kushuka, kila mara anapofunga breki kwa sababu gurudumu la mbele limetoka kwenye mstari aliouchagua, anapoteza muda mwingi kuliko huo kwa kona moja tu.

Hapo ndipo kipenyo cha mirija kinapokuwa na maana. Ugumu wa mrija dhidi ya kupinda, unene wa ukuta wake ukibaki ule ule, hukua kwa kadiri ya kipeo cha tatu cha kipenyo, na kwa hiyo kutoka milimita 32 hadi 35 mrija unapata ugumu zaidi kwa karibu asilimia 30. Watengenezaji hupunguza unene ili kuokoa uzito, hivyo faida halisi haifiki kiwango hicho chote. Lakini mikononi inahisika wazi. Kwenye njia za msitu wa Karura jijini Nairobi, ambazo nyingi ni za udongo ulioshindiliwa na mizizi michache, sikuona sababu ya kuilalamikia SID SL: ni nyepesi, inaitika haraka, na usukani unakwenda unakoelekezwa. Nilipoipeleka kwenye miteremko ya vilima vya Ngong, nje ya Nairobi, penye mawe yaliyolegea juu ya ardhi ngumu na mifereji iliyochimbwa na maji ya mvua, mambo yalibadilika. Ukifunga breki ya mbele huku gurudumu likiwa ndani ya mfereji, foki inarudi nyuma kidogo, kisha inaachia, na mwendeshaji anajikuta akiisahihisha baiskeli badala ya kuiongoza. Ile ya milimita 35 katika mteremko huo huo inakaa imara, na mikono inachoka kwa kuchelewa zaidi.

Milimita 20 za ziada za mwendo nazo zina uzito wake katika uamuzi huu. Mbio za nyika ziliingia katika Olimpiki mwaka 1996 huko Atlanta, na tangu wakati huo njia zake zimezidi kuwa ngumu. Leo wanaume na wanawake wa daraja la juu hushindana kwa muda wa kati ya dakika 80 na 100 hivi kwenye mizunguko yenye sehemu zilizojaa mawe na miporomoko iliyojengwa kwa makusudi. Baiskeli zimefuata mkondo huo. Scott Spark RC iliyotoka mwaka 2021, ambayo ni baiskeli ya mashindano kwelikweli, ilikuja na mwendo wa milimita 120 mbele na nyuma. Ikiwa wanaolipwa kushinda wanaona faida ya kubeba milimita hizo, sisi tunaopita kwenye makorongo ambayo hakuna aliyeyatengeneza tuna sababu kubwa zaidi ya kuzitaka.

Kwa upande wa udhibiti wa mafuta ndani ya mguu wa kulia, daraja la Ultimate la foki zote mbili lina dampa (kifaa kinachopunguza kasi ya foki kuzama na kurudi) iitwayo Charger Race Day, yenye hali mbili tu: wazi na kufungwa. Inafunga kwa uthabiti wa kupendeza unapopanda lami au barabara ya murramu iliyonyooka. Ninachokikosa ni hali ya kati. Barabara zetu nyingi za vumbi zina yale matuta madogo yanayofuatana, na juu yake foki iliyofungwa inatikisa mabega huku iliyo wazi ikiyumbayumba unaposimama kwenye pedeli. Fox 34 Step-Cast, mshindani wake wa karibu, ambayo kwa uzito inakaribia kilo moja na nusu, ikiwa na dampa ya FIT4 inayo hali hiyo ya kati, na katika jambo hili naipa ushindi bila kusita. RockShox wenyewe waliiongeza katika toleo lililofuata la dampa yao.

Marekebisho hayahitaji utaalamu, ila yanahitaji pampu ya shokapu, kwa maana pampu ya kawaida ya tairi haifai kabisa. Kwa mashindano, foki izame asilimia 15 hadi 20 ya mwendo wake unapoikalia ukiwa umevaa kila kitu. Kwa SID hii hiyo ni milimita 18 hadi 24, na alama za asilimia zimechapwa kwenye mrija wenyewe. Jambo moja ambalo maelekezo ya kiwandani hayalipi nafasi ya kutosha ni urefu kutoka usawa wa bahari. Foki iliyojazwa upepo Mombasa na kupandishwa Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi, shinikizo lake, likilinganishwa na hewa inayoizunguka, litazidi lilivyokuwa pwani kwa psi mbili na ushei. Tena, hewa iliyonaswa katika miguu ya chini wakati wa kufunga nayo inaisukuma foki na kuifanya iwe ngumu mwishoni mwa mwendo. Fundi mwangalifu huingiza ncha laini ya kamba ya plastiki ya kubania nyaya kati ya sili (mpira unaozuia mafuta kutoka na vumbi kuingia) na mrija, hewa ikatoka kwa mlio mdogo, kisha anapima upya. Kwa anayesafiri kwenda kushindana nyanda za juu, hilo lifanyike kabla ya mazoezi ya kwanza.

Sasa suala linalowagusa wengi zaidi kuliko hayo yote: je, foki hii itaingia kwenye baiskeli uliyonayo? Baiskeli nyingi za milimani zilizo mikononi mwa watu hapa ni mitumba kutoka Ulaya, na nyingi kati ya hizo zina magurudumu ya inchi 26, shingo ya fremu iliyonyooka ya inchi moja na moja ya nane, na habu (kitovu cha gurudumu) ya mbele ya ekseli nyembamba ya milimita 9. SID na SID SL za toleo hili ni za magurudumu ya inchi 29 pekee, shina lake (mrija unaoingia kwenye shingo ya fremu) hupanuka hadi inchi moja na nusu upande wa chini, na zinataka habu ya upana wa milimita 110 yenye ekseli ya milimita 15. Hakuna namna ya busara ya kulazimisha ndoa hiyo. Hata mwenye fremu ya kisasa aangalie kama mtengenezaji anaruhusu milimita 120, kwa sababu kuongeza milimita 20 juu ya 100 huinua mbele ya baiskeli na kuilaza pembe ya shingo kwa takriban digrii moja. Aangalie vilevile breki: SID ya milimita 35 inaanzia diski ya milimita 180, ilhali SID SL inapokea ya 160.

Kuhusu matunzo sina budi kusema kwa mkazo. RockShox wanataka miguu ya chini ifunguliwe, isafishwe na kutiwa mafuta mapya kila baada ya saa 50 za kuendesha, na huduma kamili kila baada ya saa 200. Vumbi jekundu letu halisamehe. Mafuta yaliyomo chini ni machache sana, na yakishageuka tope, mirija huanza kukwaruzwa. Mrija uliokwaruzwa vibaya hubadilishwa, na kwa bei kubwa. Kwa hiyo, yeyote anayeagiza foki hii kutoka nje aagize sili na mafuta yake katika mzigo huo huo, na apate fundi aliyewahi kufungua shokapu za hewa kabla hajalipa. Kila baada ya safari, kitambaa safi kuzunguka sili kinatosha. Mashine ya maji yenye shinikizo la kuoshea magari isisogezwe karibu na sehemu hiyo.

SID SL ina watu wake. Mwendeshaji mwepesi, wa kilo 60 au chini yake, ambaye mashindano yake yanapandisha sana na kushuka kwa njia laini, na ambaye fremu yake ilibuniwa kwa milimita 100, ataifurahia, na sitamshauri abadilishe. Asiyeweza kuifikia bei ya Ultimate asikate tamaa: daraja la Select la SID hiyo hiyo ya milimita 35 lina springi ya hewa ya aina ile ile na mirija ya kipenyo kile kile, tofauti kubwa ikiwa dampa sahili zaidi na gramu kadhaa za ziada. Kwa pesa zangu mwenyewe ningechagua Select ya milimita 35 kuliko SID SL Ultimate, na salio ningelitumia kwa sili za akiba, mafuta, na diski ya milimita 180 ambayo foki hiyo itaidai.