Kunawa mikono au barakoa, mafua makali yakiingia watu wanashika kipi?

Mafua ya mlipuko yakiingia, kama yale ya H1N1 ya 2009, hapa Unguja kunawa ndo kunashika haraka, mana mtu keshazowea kutawadha, ukimwekea ndoo ya koki na sabuni mlangoni pa duka Darajani haulizi kitu, ananawa anaingia. Tabu ni sabuni, wengi wanajimwagia maji tu sekunde mbili tatu basi, na inatakiwa usugue kama sekunde 20 mpaka baina ya vidole.

Barakoa ngumu zaidi. Joto la kaskazi, daladala imejaa, mtu anaishusha kidevuni akiongea na simu, mwengine anakwambia ushungi wangu unatosha. Lakini virusi vya mafua vinatoka kwa kukohoa na chafya, na kwenye gari ya kubanana mikono misafi peke yake haikukingi na pumzi ya aliyekaa ubavuni mwako. Watu huvaa wakiona wenzao wanavaa, nishaona konda kavaa yake, kufika Bububu nusu ya gari washatoa zao mikobani.

Mamaangu ana pumu, kwake miye nataka vyote viwili, ila ndani ya gari kama ni kimoja basi barakoa.