Kid A ya Radiohead: Ununue Toleo Lipi Kwanza?

Bendi ya Radiohead kutoka Oxford, Uingereza, ilipotoa albamu ya Kid A mnamo Oktoba 2000, wengi waliotarajia magitaa walikutana na kinanda cha elektroniki na sauti ya mwimbaji wake Thom Yorke iliyokatwakatwa na kupangwa upya. Humo mna nyimbo kumi ambazo hazipaswi kutenganishwa: "Optimistic" inateleza hadi ndani ya "In Limbo", na mapigo ya "Idioteque" yanaingia katika "Morning Bell" pasipo pengo. Kwa hiyo nimeyapanga matoleo yake kwa kuangalia jinsi kila moja linavyomwezesha msikilizaji kuifuata albamu yote bila kukatizwa.

Nafasi ya kwanza naipa Kid A Mnesia ya CD tatu, iliyotolewa na kampuni ya XL Recordings mnamo Novemba 2021. Diski ya pili ni Amnesiac ya mwaka 2001, iliyotokana na vipindi vilevile vya kurekodi chini ya mtayarishaji Nigel Godrich, na ya tatu ina mabaki ya vipindi hivyo, ukiwemo wimbo "If You Say the Word" ambao haukuwa umewahi kutolewa. Anayezisikiliza albamu hizo mbili kwa kufuatana anaelewa kwamba ni kazi moja iliyogawanywa, na ufahamu huo peke yake unatosha kuhalalisha bei.

Ya pili ni CD moja ya kawaida, hata iliyotumika. Nakala za mwanzo zilifichiwa kijitabu chini ya kishikio cha diski, basi ukiiona ya zamani, inua kishikio hicho kwa uangalifu kabla ya kulipa.

Ya tatu ni faili za kupakua za FLAC, ambazo hazipotezi chochote cha sauti iliyomo kwenye CD. Zima uchezaji wa kuchanganya nyimbo, uhakikishe pia kwamba programu yako haiweki ukimya kati ya wimbo na wimbo, kisha tumia hedifoni nzuri, kwa sababu besi ya "The National Anthem" haisikiki ipasavyo katika spika ya simu.

Ya nne ni toleo la 2009 la kampuni ya EMI lenye rekodi za jukwaani, ambalo bendi yenyewe haikushiriki kuliandaa. Linamfaa mkusanyaji tu.

Santuri nimeiweka mwisho kwa mnunuzi wa mara ya kwanza, ingawa naipenda kwa dhati na picha za jalada hupendeza zaidi katika ukubwa wake. Toleo la awali lilikuwa santuri mbili za inchi 10, kwa hiyo msikilizaji huinuka mara tatu kugeuza au kubadilisha, na mashine nyingi zinazojiendesha zenyewe hazina mpangilio wa ukubwa huo. Katika Kid A Mnesia ya santuri tatu, albamu nzima imo katika santuri moja, na hivyo inakatika mara moja tu. Ukiagiza kutoka nje, jumlisha usafirishaji na ushuru kabla ya kulinganisha bei, na mwombe muuzaji aitoe santuri, ikiwa bado katika mfuko wake wa ndani, nje ya jalada lake kuu, maana ikisukwasukwa njiani hupasua kingo za jalada hilo.