Kuku wa kienyeji au wa mayai, nyumbani ufuge wepi?

Ukitaka mayai kila siku, kuku wa mayai hana mpinzani, anaanza kutaga kama wiki ya 20 na kwa mwaka anaweza kufika mayai 280, ila anakula gramu 120 hivi za chakula kila siku na ukimkatia tu, mayai yanapungua palepale. Kienyeji anajitafutia, anaparua, anadonoa wadudu, gharama inashuka. Shida akishataga 12 au 15 anaatamia siku 21 na kulea, hapo mayai sahau, lakini vifaranga unapata bila mashine. Chanjo ya kideri, ule ugonjwa wa kuku wa Newcastle, wote lazima jamani, niliwahi kuamka nikakuta watano wamepinda shingo. Una uwanja? Kienyeji. Una kona ya banda tu na hela ya chakula haikatiki, chukua wa mayai.