Walinibadilishia laini kuwa 4G, wakanifungia pesa za vikwembe vya harusi

Nyota mbili, na hiyo ya pili naiweka shingo upande. Jina la kampuni ya simu silitaji. Wa Lubumbashi watajua nasema nani, na wa kampuni nyingine wasicheke mapema, maana naambiwa madirisha yao yote yana vijana wa namna moja.

Mimi ni mshonaji, Katuba, hapa Lubumbashi. Namba yangu ya simu imechorwa kwa rangi nyekundu kwenye ubao wa mbele ya duka. Iko pia kwenye vikaratasi ninavyotia mfukoni mwa kila nguo iliyokwisha, na wasimamizi wa kwaya wa parokia kadhaa wanaijua kwa moyo. Ni namba ya tangu enzi za simu za vibonye. Wateja wengi hata jina langu la ukoo hawalijui, wanajua namba. Juu ya namba hiyo wananiita, wananitumia picha za mishono na kunilipa. Mtu akinishikia namba hiyo, amenishikia duka.

Basi kabla ya mvua kuanza, ujumbe ulikuwa unaingia kila wakati: badilisha kadi yako ya zamani, ni bure, ufurahie 4G. Niliutamani kweli. Kadi za zamani kabisa zilitengenezwa kwa ajili ya 2G. 3G inazivumilia, lakini 4G inazikataa, kwa sababu inataka kadi nayo iihakikishe antena kama antena inavyoihakikisha kadi, na ile ya zamani haikufundishwa kazi hiyo. Ndiyo maana unaweza kununua simu nzuri ya kugusa, ukasimama chini ya mnara, na picha moja ya mshono ikazunguka weee mpaka mteja anachukua mkoba wake anaondoka. Hayo yalinipata mbele ya mama mmoja aliyetaka mikono ya puto na kola ya lasi. Nikasema nitaenda.

Nikaenda ajansi yao kubwa ya mjini. Vioo, kiyoyozi, mlinzi wa kufungua mlango, mashine ya kukupa namba ya zamu. Nilikaa vizuri, sina neno. Zamu yangu ikafika, nikaitwa dirisha la tatu.

Kijana alikuwa na kisikilizio sikio moja. Hakuamkia. Nikamwambia, jambo mwanangu, nimekuja kubadilisha kadi. Akachukua simu yangu, akauliza namba, akabonyeza bonyeza kwenye kompyuta yake. Simu yangu ikaandika kwamba hakuna huduma. Hapo ndipo aliponyoosha mkono na kusema, "Karte."

Someni tena huo mpangilio. Kwanza aliiua laini, halafu ndipo akauliza mimi ni nani.

Nikampa kadi yangu ya mpiga kura. Kongo nzima inajua habari ya kadi za mwaka 2023: wino unatoka wenyewe, picha inageuka kivuli, jina linafutika herufi kwa herufi, hadi tume ya uchaguzi ikabidi itoe nakala nyingine kwa watu. Na ndicho kitambulisho tulicho nacho. Kadi ya taifa ilizinduliwa Juni 2023, Rais akapewa ya kwanza, huku Katuba bado tunaisikia redioni. Kijana akaigeuza kadi yangu mbele, akaigeuza nyuma.

"Mama, hii karte haisomeke."

Nikamwambia haisomeki ya kila mtu, mwanangu, hata ya kwako bila shaka. Akasema niende komini, ofisi ya serikali ya mtaa, nikatafute karatasi ya kupoteza vitambulisho. Nikamuuliza nimepoteza nini, na kadi unaishika mkononi? Akainua mabega. Akasema kuna njia nyingine: nitaje namba tatu ninazozipiga sana, athibitishe kwamba laini ni yangu.

Sasa nani siku hizi anazijua namba? Katika simu yangu kuna Mama Lasi, Fundi Cherehani, Kwaya Alto, Papa Uzi wa Soko. Ninagusa jina, inaita. Na simu yenyewe anayo yeye. Nikamwomba anirudishie niangalie, akakataa, ati utaratibu hauruhusu. Nilipoanza kutafuta kichwani akacheka, akamgeukia mwenzake wa dirisha la pili na kusema kwa sauti ya kusikika na ukumbi wote:

"Hata namba ya baba ya nyumba hajue!"

Na wengine wakacheka.

Baba wa nyumba yangu yuko makaburini, na huko bado hawajasimamisha mnara. Nilimwambia hivyohivyo. Hakusema pole. Hata kile kisikilizio hakukitoa. Alitazama kompyuta kidogo, kisha akasema maneno ambayo nadhani wanafundishwa siku ya kwanza ya kazi: "Sistemu haiko. Mutarudia kesho."

Laini ya zamani imekufa, mpya haijazaliwa, na sistemu haiko. Nikatoka.

Anayedhani hili ni jambo la kukosa kupiga simu tu, hajui maisha yetu yamehamia wapi. Wiki ile familia moja ilikuwa imenitumia malipo ya nusu kwa vikwembe vya harusi, yaani vitenge vya sare za kina mama wa pande zote mbili. Nilipaswa kutoa pesa ninunue lasi na uzi, na niwalipe wasichana wanaonisaidia. Pesa zilikuwepo. Hazikai ndani ya kile kiplastiki, kama wengine wanavyoamini. Zimeandikwa kwenye kompyuta za kampuni, na kadi ni ufunguo wa kuzifikia. Lakini ukishanyang'anywa ufunguo, mama wa kabine, wakala wa pesa za simu chini ya mwavuli wake, hawezi kukusaidia, hata mkiwa marafiki wa miaka. Anakuambia pole na kukukopesha unite, salio la kupigia simu, ambazo huna pa kuziweka.

Na pesa zikaendelea kuingia! Hilo ndilo lililonitesa. Wateja wanatuma, kwao ujumbe unasema imefika, kwangu kimya. Shangazi wa bibi harusi alikuja dukani na simu yake mkononi kama hakimu, akinionyesha ujumbe. "Mama, pesa tulituma. Muliipokea ao hamukuipokea?" Nijibu nini? Nilipokea na sikupokea. Kilichoniokoa ni WhatsApp, ambayo ikishafunguka kwa namba yako inaendelea hata kadi ikitoka, mradi upate intaneti mahali. Nikawa nakaa kwenye ngazi ya jirani mwenye Wi-Fi, naandikia watu mmoja mmoja: msitume pesa, tafadhali msitume, nitawaambia. Mfanyabiashara anaomba wateja wasimlipe.

Nilirudi kesho yake, na siku nyingine tena. Sistemu haiko. Au iko, lakini mwenye ruhusa ametoka. Au nimeleta karatasi ya komini na sasa inatakiwa fotokopi, na mashine ya fotokopi iko ng'ambo ya barabara, na umeme umekatika ng'ambo ya barabara. (Umeme wa bwawa la Inga unasafiri kama kilomita 1,700 kuja kwetu Katanga kwa ajili ya migodi. Sisi wa cherehani tunautazama unavyopita juu.)

Kinachonichoma zaidi ni kwamba wakitaka wao, kujua wanajua. Mnakumbuka kodi ya RAM, ile ya kusajili simu? Ilianza mwaka 2020: dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G, dola 7 kwa ya 3G au 4G, ikikatwa kwenye unite zetu. Hakuna aliyeitwa dirishani, hakuna aliyeombwa kadi inayosomeka wala namba tatu anazozipiga. Mtambo ulijua simu ya nani ni ya aina gani na ukachukua. Mpaka ilipofutwa mwaka 2022 sikumbuki kusikia kwamba siku fulani sistemu haikuwepo. Kuchukua ina nguvu, kurudisha inaanguka.

Binti yangu ananiambia nisijali, kadi zenyewe zinaisha. Ati Marekani, tangu iPhone 14 ya mwaka 2022, simu hiyo inauzwa haina hata tundu la kutia kadi. Laini inaingia kwa hewa, unachanganua mchoro na kamera, umemaliza. Nimefurahi kusikia. Lakini na huko hewani lazima awepo mtu wa kusema huyu ndiye mwenye namba, na kama mtu huyo ni yule wa dirisha la tatu, tutakuwa tumepunguza plastiki tu.

Sasa niwe mkweli, kwa sababu kuna watakaosema ninaichukia kampuni. Siichukii. Huduma yao ya pesa imenifanyia jambo ambalo benki haikunifanyia. Mnajua dola za Marekani tunazolipana hapa: ikiwa na tundu la sindano, imekataliwa, ikiwa na mpasuko wa nywele pembeni, mteja anaapa haikuwa hivyo na muuzaji anaapa haichukui. Kila siku nilikuwa nagombana na watu wazima juu ya karatasi. Dola ya kwenye simu haipasuki. Naweka dola upande mmoja na franga upande mwingine, na inafanya kazi hata kwenye simu ndogo ya tochi isiyo na mega hata moja, kwa kuwa menyu yake inapita njia ileile ya kubebea ishara za mtandao, si intaneti. Mama muuza makaa na mwenye gari kubwa wanalipa sawasawa. Kwa hilo peke yake ningeweka nyota nne.

Na aliyenitatulia shida alikuwa mtu wao pia. Msichana wa fulana ya kampuni, amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na soko la Kenya (komini ya hapa Lubumbashi, si ile nchi), kibao cha kugusa mapajani, mwavuli juu. Nilikuwa napita tu na hasira yangu. Akanisalimu kwanza: jambo Mama, habari ya nyumba. Akaiangalia kadi, akaiinamisha juani, akasema kweli imekwisha. Halafu akauliza swali ambalo ajansi nzima yenye kiyoyozi haikuliwaza: "Mama, hamuna picha ya hii karte wakati ilikuwa mupya?" Binti yangu alikuwa nayo. Alinipigia picha siku nilipoipata, ikatumwa WhatsApp kwa ndugu. Kisha hakuniuliza namba. Aliuliza mara ya mwisho niliingiziwa kiasi gani na nani. Pesa! Niulizwe pesa, nitataja hadi franga za mwisho, na rangi ya kikwembe kilicholipiwa. Nikamtajia bila kupumua. Akacheka, cheko la heshima, akabonyeza, tukangoja, ujumbe ukaanza kumiminika kama kuku waliofunguliwa. Nikabadilisha namba ya siri palepale. Nilitaka kumpa chochote, akakubali Fanta.

4G yenyewe? Nzuri. Picha za mishono zinafunguka mteja akiwa bado anaeleza. Nimeona video ya fundi wa Abidjan anavyokata kola na nimeikopi. Ila mkijaribu, msishangae: mtu akikupigia simu katikati ya video, kwangu mtandao unashuka kwenye 3G au 2G ili kubeba sauti, na video inasimama mpaka mmalize kuongea. Na umeme ukikatika muda mrefu, betri za mnara wa mtaa nazo zinachoka, hapo hakuna G yoyote. Tunasubiri jenereta yao kama tunavyosubiri ya kwetu. Wenye nafasi kule Golf, mtaa wa matajiri, wanazungumzia Starlink, intaneti ya setilaiti iliyokatazwa mwaka 2024 na kupewa leseni Mei 2025. Sawa, lakini sahani ya juu ya paa hainipokelei malipo ya nusu.

Nilipofika hapa nilikuwa nimeandika nyota tatu. Halafu nikakumbuka yule kijana alivyomgeukia mwenzake. Si sistemu, si fotokopi, si kadi. Alinicheka mbele ya watu nikiwa na umri wa mama yake, na aliponisikia ninasema baba wa nyumba hayupo, akarudia kutazama kioo chake. Ilikuwa nyota tatu, imerudi mbili.

Mniulize sasa kama nitahama. Nihamie wapi na namba iliyochorwa kwenye ubao? Nimenunua laini ya pili kwa kampuni nyingine, na malipo ya nusu ya kazi kubwa, hasa harusi, yanaingia huko. Namba ya ubaoni ni ya kuniita na ya vitu vidogo: kupunguza kiuno, kubadilisha zipu. Wateja wanachanganyikiwa, nawaelezea kila mmoja. Atakayekwenda kubadilisha kadi aende kwa yule msichana wa karibu na soko la Kenya, asubuhi, kabla foleni haijawa ndefu, na asikubali mtu yeyote aguse laini ya zamani kabla ya kumaliza maswali yake. Atakayelazimika kwenda mjini, dirisha la kwanza kuna mama mmoja mwenye miwani anayesikiliza watu. Akipangiwa la tatu, aachie mwingine zamu.

Kwa dirisha la tatu peke yake, ni nyota moja.